Metroni Hakuanza na Boneti

Kwa Metroni, gari lililogoma kuwaka halikufunguliwa boneti kabla mwenye gari hajakaa chini. Nje ya nyumba yake, mtaa wa Mabwerebwere, Kilosa, kulikuwa na benchi la mbao lililoegemea ukuta, na kwenye benchi hilo nimewaona watu wazima wakitulizwa kama wagonjwa. Mwalimu mkuu mwenye haraka zake. Mfanyabiashara wa mpunga aliyetoka Kilangali kwa bodaboda akiwa ameliacha gari njiani. Mfugaji mmoja mrefu, fimbo mkononi, ambaye alisema atasimama tu, na Metroni akamwambia kwamba na yeye basi atanyamaza tu, mpaka yule bwana akakaa.

Ndipo maswali yalipoanza. Lilianza lini? Liligoma ghafla, au lilikuwa linachechemea tangu wiki iliyopita? Linagoma asubuhi likiwa baridi, au ukizima njiani? Ukizungusha ufunguo unasikia nini: kimya, tak moja, tak-tak-tak, au linazunguka vizuri lakini haliwaki? Na la mwisho, ambalo watu hawakulipenda: nani aliligusa mara ya mwisho?

Alikuwa mkunga maisha yake yote ya kazi, na miaka ya mwisho aliongoza wodi. Alipostaafu cheo kilibaki hospitali, jina likamfuata nyumbani. Mtu akimwita fundi alikasirika kabisa. "Fundi anatengeneza," alisema. "Mimi natafuta. Kutengeneza ni rahisi, kila mtu ana spana."

Na kweli, akishapata alichokuwa anatafuta, mara nyingi hakugusa kitu. Alimrudisha mtu gereji na maneno ya kusema: "Mwambie kaboni za stata zimekwisha. Akikuuzia betri, rudi uniambie."

Mimi nilikuwa nimerudi Kilosa kutoka chuo kikuu, sina kazi, nina digrii ya takwimu na tabia ya kuuliza kwa nini. Nyumbani tabia hiyo ilikuwa imeshachosha watu. Mama alinituma kwa Metroni kupeleka unga, nikamkuta anamweleza mtu kwamba tak-tak-tak ya haraka ni betri iliyochoka.

"Kwa nini?" nikauliza, hata unga sijautua.

Metroni aligeuka taratibu. "We binti, umesalimia?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, kwa nini nini?"

"Kwa nini iwe betri? Kwa nini isiwe stata?"

Alinitazama kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa amekipoteza. Akanieleza kwamba betri dhaifu ina nguvu ya kuivuta swichi ya stata lakini haina nguvu ya kuizungusha stata yenyewe. Swichi ikishika, umeme unaporomoka, swichi inaachia. Ikiachia, betri inapumua, swichi inashika tena. Hiyo ndiyo tak-tak-tak. Ikiwa ni tak moja nzito kisha kimya, shuku stata au viungo vya nyaya. Kimya kabisa, anza na ufunguo, fyuzi na vichwa vya betri. Na likizunguka vizuri bila kuwaka, iache betri ya watu, kaangalie mafuta.

"Umejuaje?" nikauliza.

"Usiniamini," alisema, na akanipa taa yake ya kupimia. "Njoo."

Tangu siku hiyo akaniita Mbishi, na sikuwahi kuitwa jina zuri kuliko hilo.

Taa yenyewe ilikuwa balbu ndogo ya indiketa iliyounganishwa nyaya mbili. Alikuwa pia na mita aliyoinunua Morogoro, na kile kikombe kirefu cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Sikutanii. Alikiweka kwenye alteneta, mashine inayochaji betri, gari likiwa linaunguruma, sikio upande wa pili, macho amefumba, na watu waliokaa kwenye benchi walinyamaza kama wanasubiri kuambiwa ni wa kike au wa kiume.

Lazima niseme mapema kwamba hakufanya haya kwa ajili ya mchezo. Alikuwa na pikapu ya dizeli ya zamani, nyeupe, na pikapu hiyo ndiyo iliyomruhusu kuishi peke yake. Ilimpeleka shambani, ilimpeleka kliniki ya presha, ilimpeleka Lumuma kufuata vitunguu na kurudi na vingi kuliko alivyohitaji. Mwanawe mkubwa, anayefanya kazi Iringa, alitaka iuzwe na mama ahamie kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu tu ya kupigiwa simu kwamba mama yake amekwama barabarani. Lakini Metroni alikuwa ameshakitembelea chumba alichoandaliwa Iringa, na aliniambia kwamba kizuri, kina pazia, na ndani yake ataambiwa saa ya kula.

Kwa hiyo kila alipowasha pikapu ile, alikuwa anaitetea nyumba yake. Alijua, nami nilijua.

Mtu aliyemwona kama mwanasayansi mtupu angeshangaa. Alikuwa Mwanglikana wa kukaa kiti cha mbele, sauti ya pili kwenye nyimbo, lakini mtu akianza kuliombea gari alimkatisha. "Muombee dereva. Gari tulipime." Yeye huyohuyo hakuondoa gari bila kuligonga paa kwa kiganja. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba hilo halinihusu.

Na aliamini kwamba betri ikiwekwa juu ya sakafu ya sementi, sementi inaunyonya umeme. Aliwafundisha hivyo watu wote. Nilimwambia sioni njia ya umeme kupita kwenye plastiki. Akasema mafundi wote wanajua. Nikasema mafundi wote wameambiana.

"Basi tupime, Mbishi," alisema, midomo ameibana.

Tukachukua betri mbili zinazofanana, tukazijaza chaji, moja tukaiweka sakafuni, nyingine juu ya ubao, chumba kilekile. Tulizipima kila nilipopita, wiki baada ya wiki. Zilishuka kidogo, na zilishuka sawasawa. Siku tuliyokubaliana kumaliza alizipima mwenyewe, akabadilisha mahali, akapima tena. Kisha akakaa kwenye benchi lake, mahali pa wagonjwa.

"Nimewadanganya watu miaka yote hiyo," alisema.

Kesho yake alikuwa anawasimamisha watu njiani kwenda sokoni. "Ile habari ya sementi si kweli. Wekeni popote." Mama mmoja ambaye hajawahi kuwa na betri wala baiskeli alishukuru sana. Lakini betri ya akiba ya Metroni mwenyewe iliendelea kukaa juu ya ubao. Nilipomtazama kwa jicho la kuuliza, alisema sakafu yake imepakwa rangi na hataki ichafuke.

Sifa alizipenda. Akipata tatizo lililowashinda wengine, hadithi ilisimuliwa mpaka gari linakuwa kubwa. Ile ya daktari niliisikia mara nyingi, na kwa kuwa nilikuwepo, naweza kuisema ilivyokuwa. Daktari mmoja kijana alikuwa amebadilisha betri na bado kila akiliacha gari siku mbili analikuta limekufa. Metroni alimweka kwenye benchi, akamuuliza maswali, kisha akasema kwamba kuna kitu kinakula gari likiwa limelala.

Alichomoa waya wa hasi wa betri, akaiweka mita katikati ili umeme wote upite ndani yake, gari likiwa limezimwa na milango imefungwa. Mita ikaonyesha kwamba umeme unatembea wakati kila kitu kimelala. Tukaanza kuchomoa fyuzi mojamoja. Tulipochomoa ya taa za ndani, namba ikaanguka. Lakini taa za ndani zote zilikuwa zimezima, tunaziona.

"Kuna moja hatuioni," nikasema. Nikafungua kidroo cha dashibodi, ambacho daktari alikuwa amekishindilia makaratasi. Ndani kulikuwa na balbu ndogo. Tukarudisha fyuzi, nikawasha kamera ya simu yangu irekodi, nikaiweka mle ndani, nikafunga. Tulipoitoa na kutazama video, kidroo kizima kilikuwa kinang'aa. Makaratasi yalizuia mfuniko usibane swichi yake.

"Kumbe inawaka usiku na mchana," daktari alisema kwa huzuni, kana kwamba amekuta wapangaji asiowajua.

Katika masimulizi ya Metroni, wazo la simu lilikuwa lake. Baada ya mwezi mmoja likawa letu. Nilipohama Kilosa, aliwaambia watu wazi kwamba lilikuwa langu, nadhani kama zawadi ya safari.

Kitu kimoja hakuwahi kukisamehe: kusukuma gari. Kilosa ni mji wenye vilima pembeni, na watu wamejifunza kuegesha kwenye mteremko. Asubuhi unaachia breki, gari linaserereka, unaingiza gia, linawaka, unaenda zako. Wengine wanaishi hivyo mwaka mzima na wanajiona wajanja. "Mnaficha ugonjwa," aliwaambia. "Mgonjwa hajapona, mmemteremsha kitandani tu."

Jirani yake, dereva wa lori ambaye mguu wake mmoja ulikuwa daima juu ya uzio wa Metroni, alikuwa anamchokoza kwa hilo. "Metroni, mteremko Mungu katupa bure."

"Na siku ukiegesha bondeni?"

"Sitaegesha bondeni."

Nilipata kazi Mikumi, kwenye nyumba ya wageni karibu na barabara kuu, na kwa muda nikawa namsikia kwenye simu tu. Kisha akanipigia siku moja, sauti yake tamu kupita kiasi, nikajua kuna jambo. Mwanawe alikuwa anasafiri kutoka Dar kurudi Iringa na atapita Mikumi Jumamosi. Alikuwa amempa mama yake sharti. Aje Mikumi na pikapu yake mwenyewe. Ikifika kwa nguvu zake, yeye hatazungumza tena habari ya kuiuza. Ikivutwa au ikisukumwa, mama anapanda gari la mwanawe na wanaondoka wote Iringa.

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema sawa."

"Metroni, hilo gari lina umri wangu."

"Ndiyo maana nakuita. Njoo Ijumaa ulale hapa, uwe shahidi. Usimwamini mtu, hata mimi."

Jumamosi asubuhi alivaa kitenge chake kizuri, akapakia kapu la vitunguu la kumpa mwanawe, akapanda, akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka. Akazungusha zaidi. Tak. Taa zote zikafa. Akaachia, taa zikarudi. Akarudia. Tak, na giza.

Mguu wa yule jirani, dereva wa lori, ulikuwa juu ya uzio. "Betri hiyo imekufa. Izike."

"Umeipima?"

"Naijua kwa sauti."

"Mimi nilikuwa najua mapacha kwa macho," alisema Metroni. "Halafu wanatoka watatu."

Dereva alicheka, lakini alikuwa ameshaujua mkataba, mtaa mzima uliujua. Akashusha sauti. "Tusukume, Metroni. Mteremko huo hapo. Likishawaka usilizime mpaka Mikumi. Mwanao ataonea wapi?"

"Nitaona mimi."

Alishuka na kwenda moja kwa moja kwenye boneti. Sikuwahi kumwona akikimbilia boneti kabla ya siku hiyo.

"Metroni," nikasema. "Kaa kwanza."

Aligeuka na uso wa kunichapa. Nikamwonyesha benchi. Dereva aliutoa mguu kwenye uzio. Kwa muda mfupi nilidhani nimevunja kitu ambacho hakitaungika, kisha akaja, akakunja kitenge chake, akakaa.

"Uliza," alisema.

"Lilianza lini?"

"Leo. Juzi lilikuwa linawaka vizuri."

"Uliliwasha wewe?"

"Hapana. Jumatano niliwaazima watu wa kanisani, kumpokea Askofu. Juzi vijana wa kwaya wamelirudisha, likaingia hapa linaunguruma. Sijaligusa tena."

"Kwa hiyo hujui kama liliwaka au lilisukumwa."

Akamtazama dereva, dereva akatazama mteremko wa kanisa.

"Na walilifanya nini huko?"

"Walilipaka rangi chini. Nyeusi, lote, chesisi nzima. Heshima ya Askofu." Akainuka kabla hajamaliza kusema. "Lete mita."

Nikashika ncha za mita palepale kwenye vichwa vya betri, si kwenye nyaya, na Metroni akazungusha ufunguo. Tak. Taa zikafa. Lakini mita ilibaki juu ya volti kumi na mbili, haikutikisika.

"Sogea uone," nikamwambia dereva. "Betri iliyokufa ingeporomoka hapa. Hii haijaombwa hata kazi."

"Sasa mbona taa zinazima?"

Metroni alikuwa ameshacheka, cheko lake dogo la puani. "Kwa sababu umeme una adabu kuliko wewe," alimwambia. "Shikamoo ikitoka, lazima marahaba irudi. Unatoka kwenye chanya, unapita kwenye stata, unarudi kwenye hasi kupitia bodi. Njia ya kurudi ikizibwa, na kwenda unagoma. Kwa taa ndogo inatosha kunong'ona. Kwa stata haitoshi."

"Usimwamini," nikasema. "Tujaribu."

Alinipa ule waya mnene wa kuazimia umeme kwa gari jingine. Nikabana ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, ili umeme urudi bila kupita kwenye bodi. Metroni akapanda, akazungusha. Pikapu ikawaka kwa mara ya kwanza asubuhi ile, nzito na safi, moshi ukaenda kwa jirani.

Hakushangilia. Alizima, akaingia chini ya gari na tochi, kitenge kizuri na yote, akaufuata waya mweusi wa betri mpaka pale ulipofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Tukaifungua. Nyuma yake, mahali ambapo chuma kinapaswa kugusa chuma, kulikuwa na rangi nyeusi laini, inayong'aa kama kiatu. Wale vijana hawakupaka juujuu. Walikuwa wamefungua waya, wakapaka rangi mpaka nyuma yake, wakasubiri ikauke, wakafunga tena vizuri. Kwa upendo kabisa. Kisha likagoma, wakalisukuma, wakaona aibu kusema.

"Hata huko?" dereva alisema akiwa amechutama. "Askofu angelala chini ya gari?"

Metroni alicheka mpaka akashika mgongo. Tukakwangua rangi kwa kisu na msasa hadi chuma kikawa cheupe, tukakaza bolti, tukapaka grisi juu yake. Waya wa kuazimia tukautoa na kuuweka nyuma. Ufunguo. Ikawaka. Nikamwambia azime awashe tena, kwa sababu mara moja si ushahidi. Ikawaka. Tena. Ikawaka. Dereva alifungua geti mwenyewe, na tulipopita alitupigia saluti. Nakiri sikujua kama ni ya mzaha.

Njiani aliendesha kwa mwendo wa mtu mwenye haki. Kila tulipofika mahali penye watu, na kila mahali bondeni, alisimama, akazima, akasalimia, akawasha. Nilimwambia ameshathibitisha. Alisema hathibitishi, anafurahi.

Mwanawe alikuwa amesimama kando ya barabara kuu Mikumi, malori yakipita nyuma yake, simu mkononi. Alipoiona pikapu aliishusha simu taratibu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Za Dar?"

"Njema. Mmekuja vizuri?" Akanitazama mimi. "Hamkusukuma?"

"Muulize huyu. Haamini mtu."

"Halijasukumwa," nikasema. "Liligoma asubuhi. Mama akalipima, kosa likapatikana, likarekebishwa. Zima uwashe mwenyewe."

Alipanda kwenye kiti cha mama yake, magoti yakigusa usukani, akazima. Akashika ufunguo bila kuuzungusha, kama anayetaka gari limuunge mkono. Akazungusha ufunguo. Pikapu ikawaka kabla hajamaliza kuzungusha. Akazima, akawasha tena, akasikiliza, na mabega yake yakashuka. Nadhani lilikuwa tulizo. Kwa miaka alikuwa akisubiri simu, na sasa alikuwa amekaa ndani ya kitu alichokiogopa, kikiunguruma.

"Sawa, Mama," alisema. "Sitasema tena."

Metroni alikuwa ameenda kwenye gari la mwanawe kuweka kapu la vitunguu, na alikuwa amesimama akitazama kiti cha nyuma. Kilikuwa kimeondolewa mizigo yote. Kulikuwa na chupa ya maji, blanketi lililokunjwa, na mto mpya, bado una nailoni yake.

"Huu mto wa nani?"

Mwanawe aliinamisha kichwa. "Wako, Mama. Nilidhani... safari ni ndefu mpaka Iringa."

Aliuchukua, akaubonyeza kwa viganja kuupima ulaini, akaichana nailoni. Kisha akaja nao mpaka kwenye mlango wa pikapu, akamngoja mwanawe ashuke, akauweka kwenye kiti chake, sehemu ya mgongo, akapanda.

"Asante," alisema, akijisogeza mpaka ukamkaa sawa. "Hiki kiti kilikuwa kinaniumiza sana kwenye kurudi."